Kamba ya Mchangamle

Nchi yenyewe haina haja ya kutajwa jina. Haipo kwenye ramani ya shuleni, na ukiona kama unaitambua, basi ni macho yako tu, nenda kapimwe. Ilikuwa nchi yenye bahari upande mmoja na serikali upande wa pili, na katikati wakaishi watu, wakijibana.

Mkuu wa nchi hiyo aliitwa Mtukufu Nahodha Mkuu wa Nchi Kavu na Majimaji. Alizaliwa bara kabisa, mahali ambapo maji mengi kuliko yote yalikuwa ya kwenye pipa. Lakini kule unahodha hausomewi. Unatangazwa redioni, na ukishatangazwa, umekuwa. Chini yake alikuwapo Waziri wa Bahari, Mawimbi na Furaha ya Umma, Mheshimiwa Pazi Ngwandu, bwana mwenye sauti nene na viatu vya ngozi ya mamba. Yeye ndiye aliyejenga gati la Mchangamle. Gati zuri, refu, lina taa na viti vya kupumzikia abiria. Dosari yake ni ndogo tu: wataalamu walikwenda kupima siku ya mafuriko, na maji yaliporudi kwao, gati likabaki katikati ya migomba. Lilizinduliwa hivyo hivyo. Utepe ulikatwa, kuku wakatawanyika, na Mheshimiwa akasema kwamba serikali imefanya sehemu yake, sasa tunaisubiri bahari nayo ifanye sehemu yake.

Huko Mchangamle ndiko alikokaa Mwanamvua, mke wa Shaame, mama wa Kidawa. Kidawa alikuwa bado hajasimama dede, ana mashavu kama maandazi yaliyoumuka vizuri. Shaame alikuwa na mashua. Na Mwanamvua alikuwa na wimbo.

Wimbo huo aliachiwa na mamaye, na mamaye na bibiye, na kazi yake ilikuwa kuvuta mashua. Mashua ya mbao haiwezi kukaa majini moja kwa moja; wapo wadudu wa baharini wanaotoboa mbao kama watu wanaokula mishahara ya wenzao, taratibu, kwa ndani, huku nje kunang'aa. Kwa hiyo kila mashua sharti ivutwe juu mchangani, ikwanguliwe, ipakwe mafuta, irudi. Na mashua ni nzito. Watu wote wanashika kamba moja, wake kwa waume, na mwimbishaji anatangulia. Mistari mitatu ya kwanza watu wanaitikia "Haya!" huku wakichimbia visigino mchangani. Mstari wa nne ni wa kumsema mtu. Hauna vina, hauna adabu, unarushwa tu, watu wanaangua kicheko, na kwa kicheko hicho hicho mikono inavuta. Hawajui kuvuta kwa namna nyingine. Ukihesabu "moja, mbili, tatu" watakutazama tu.

Kama siku ile ilipovutwa mashua ya Shaame mwenyewe, Mwanamvua akasimama mbele, Kidawa mgongoni, akaanza:

*Shaame kanunua saa* (Haya!)
*Mkononi yang'aa-ng'aa* (Haya!)
*Muulize sasa saa* (Haya!)
*Atatazama juu: jua liko wapi?*

Kicheko kikapasuka, mashua ikapanda. Shaame alikuwa wa nne kwenye kamba, masikio yamemwiva, na yeye akicheka. Hakuwa na la kufanya. Kule Mchangamle kuna mila ya kamba, nayo haina mwenye kuivunja: kamba ikiwa mkononi, mwimbishaji anamsema amtakaye, awe mume, awe shehe, awe tajiri wa barafu, na asemwaye hakasiriki, hashtaki, hanuni. Yakizidi sana, ngoja kamba iachwe. Kamba ikishaachwa, mdomo nao umerudi nyumbani, na mtu anaweza kukuuliza, "Ehe, ulikuwa unasemaje?"

Bi Kauthari, jirani yao, mama mtu mzima mwenye ulimi wa pilipili, alikuwa akisema kwamba ndoa zote za Mchangamle zimesimama kwa sababu ya mila ile. "Mwaka mzima namvumilia mume wangu," alisema. "Nikishika kamba napumua."

*

Ikatokea kwamba serikali iliamua kufanya Tamasha Kuu la Bahari. Nchi jirani ilikuwa imefanya lake, watalii wakaenda, na Mtukufu Nahodha Mkuu alipoona picha hakulala vizuri. Mheshimiwa Pazi akaambiwa atafute muziki wa bahari. Akaja Mchangamle na magari mengi, akaketi kwenye kiti alichokuja nacho, akafunguliwa mwavuli, akasema, "Imbeni."

Wakavuta mashua moja, wakaimba. Mheshimiwa akasikiliza kwa makini sana, maana usingizi ulikuwa umeshamtoka. Alipoinuka, alikuwa na machozi. Wengine walisema ni mchanga.

"Wananchi!" akanguruma, na vyombo vya redio ya taifa vikiwa mdomoni pake. "Leo nimesikia hazina! Natamka rasmi, na nikitamka nimetamka, kwamba kuanzia dakika hii wimbo huu ni Hazina ya Taifa. Utalindwa! Utalindwa wenyewe, pamoja na mila zake zote, miiko yake yote na haki zake zote, kama zilivyo, bila kupunguzwa hata nukta! Atakayeugusa, amegusa jicho la nchi!"

Vigelegele vikapigwa mpaka kunguru wakahama. Mwanamvua alirekodiwa sauti akiwa amevaa kanga mpya ambayo bado ilikuwa na mikunjo ya dukani. Aliimba wimbo wote, beti zote, kwa moyo mkunjufu. Akamwinua Kidawa juu. "Umesikia, mama? Wimbo wa bibi yako umekuwa mkubwa. Utausoma vitabuni wewe, siyo kuusikia mchangani tu." Na alikuwa anaamini hivyo. Macho yake yalikuwa yanacheka.

Kesho yake asubuhi walipokwenda kuvuta mashua, walikuta ubao umesimikwa ufukweni: HAZINA YA TAIFA. KUIMBA NI MARUFUKU. Na chini ya ubao, kwenye kigoda, ameketi askari mmoja mwembamba anaitwa Afande Mbwiga.

"Afande, shikamoo. Hii ni nini?" Mwanamvua akauliza.

"Marahaba. Ni ulinzi."

"Mnaulinda wimbo dhidi ya nani?"

Afande akafikiri. Akatazama baharini, akatazama migombani, hakumwona mwingine. "Dhidi yenu," akasema.

"Sasa mashua tutavuta na nini?"

"Vuteni kimya. Nani kawakataza kuvuta?"

Wakajaribu. Wakashika kamba, wakatazamana. Mmoja akavuta mapema, mwingine akachelewa, wa nyuma akakalia mchanga. Bi Kauthari akajaribu kuchekesha kwa kukunja uso tu, lakini aliye nyuma hakumwona. Mashua ikabaki pale pale ndani ya maji, na wadudu, ambao hawasikilizi redio, wakaendelea na kazi yao.

*

Shida haikuishia ufukweni. Wimbo ule ule, ukiimbwa polepole, "Haya" yake ikivutwa ikawa ndefu na laini, ndio uliokuwa ukimlaza Kidawa adhuhuri. Hakuujua usingizi mwingine. Siku ya kwanza ya ulinzi Mwanamvua akambembeleza kwa wimbo wa kanisani wa jirani, kwa kaswida, hata kwa tangazo la sabuni. Mtoto akapiga kelele mpaka akawa mwekundu. Mwishowe mama akashindwa. Akafunga dirisha, akaweka mdomo kwenye sikio la mtoto, akamvumia kwa mbali tu: *mm-mm-mm, haya.*

Dirisha likagongwa.

"Nani anavuma humo?"

"Mtoto, Afande."

Afande Mbwiga akafungua dirisha, akaingiza kichwa. Kidawa, aliyekuwa ameanza kulala, akamtazama, akatoa kidole mdomoni, akasema kwa sauti iliyosikika vizuri kabisa: "Aya!"

Afande akachukua kalamu. "Umri?"

"Afande, ni mtoto mchanga!"

"Ndiyo nauliza, umri? Hapa kuna sehemu ya umri." Akaandika, akamtazama mtuhumiwa tena. Mtuhumiwa akamchekea kwa ufizi. Afande akakohoa. "Kwa kuwa ni kosa la kwanza," akasema, "ameonywa." Akafunga dirisha yeye mwenyewe, taratibu, asije akamharibia usingizi.

"Huyu sasa ana kumbukumbu polisi," Shaame alisema alipoambiwa. "Hata meno hana."

"Cheka tu," Mwanamvua akamjibu. "Mtoto wangu hatalala kwa ruhusa ya mtu. Naenda kuudai wimbo wangu."

"Kwa nani?"

"Kwa waliouchukua."

*

Ofisi ya Hazina za Taifa Zisizoshikika ilikuwa ghorofani mjini. Mwanamvua alipanda ngazi na Kidawa mgongoni, akaelekezwa chumba, kutoka chumba akaelekezwa ukumbi, kutoka ukumbi akaelekezwa chumba kile cha kwanza, ambako sasa alikuwamo mtu. Bwana mmoja aliyekuwa na chai na chapati, anaitwa Mkurugenzi Lutengano, ambaye pia ndiye kiongozi wa Kwaya ya Taifa.

"Dada yangu, karibu. Unataka nini?"

"Nataka wimbo wangu."

"Wimbo gani?"

"Ule wa kamba. Wa Mchangamle."

"Aah! Mzuri sana ule. Nausikiliza kila siku." Akaimega chapati. "Sasa, kurudisha wimbo kunawezekana. Utaratibu upo. Lazima kwanza uthibitishe kwamba ni wako."

"Nitathibitishaje?"

"Utauimba mbele yangu, mimi nitalinganisha na tuliorekodi."

Mwanamvua akavuta pumzi, akafungua mdomo.

"Ngoja, ngoja!" Mkurugenzi akaruka kitini, chai ikamwagika. "Ukiimba nakukamata! Hujaona ubao?"

"Sasa si umesema niimbe?"

"Nimesema *utauimba*. Baada ya kupata kibali cha kuimba."

"Na kibali kinatolewa na nani?"

"Kinatolewa kwa mwenye wimbo."

"Mwenye wimbo ni mimi!"

"Inawezekana," Mkurugenzi akasema kwa upole wa mtu anayelipwa mwisho wa mwezi. "Uthibitishe."

Akamhurumia, lakini. Akamwambia wimbo wake umo katika mikono salama, tena unaboreshwa. Zile kejeli zimeondolewa, kwa sababu hazina ya taifa haiwezi kumsema mtu saa yake. Kwaya imevishwa magauni ya samawati. Na siku ya tamasha, meli mpya ya Mtukufu itakuja kutoka baharini na kuvutwa juu ya mchanga kwa kamba, wimbo ukiimbwa, ili Mtukufu ateremke bila kulowesha viatu.

"Kwa nini asiteremkie kwenye gati?" Mwanamvua akauliza.

Mkurugenzi akatazama mlango, kisha akatazama chapati. "Unajua kusoma wewe, dada?"

"Najua."

"Basi nenda kasome ule ubao tena."

*

Siku ya Tamasha ikafika. Ufuko ulifagiliwa mpaka kaa wakakosa pa kuingia. Vibanda vya wageni vikasimamishwa, viti vikageuzwa kutazama jukwaa, na kwa kuwa bahari ilikuwa nyuma ya jukwaa, haikuonekana. Sauti ya mawimbi ilitoka kwenye spika kubwa, iliyorekodiwa kwenye hoteli ya nchi jirani. Mawimbi ya Mchangamle yalikuwa hayajapitishwa na kamati. Yalipigapiga tu huko nyuma kama watoto wasioalikwa.

Watu wa Mchangamle walialikwa. Waliambiwa wavae sare wapewe kamba, kwa sababu Kwaya ya Taifa ingeimba tu. Magauni ya samawati hayashiki kamba. Mwanamvua akashika mbele kabisa, mahali pake pa siku zote, Kidawa mgongoni, mdomo umefungwa. Afande Mbwiga alisimamishwa kando yake kuhakikisha unabaki hivyo.

Meli ya Mtukufu ikaja. Nyeupe, ina bendera mbele na nyuma na juu, na Mtukufu Nahodha Mkuu amesimama kwenye pua yake kwa sare yenye vifungo vya dhahabu. Kwa mbali alipendeza. Alipokaribia, watu wakaona kwamba ana rangi ya majivu, na kwamba mkono mmoja unapunga na wa pili umeng'ang'ania ile kamba nene ya kuvutia, iliyofungwa puani mwa meli, kwa sababu chombo kinacheza na hakuna kingine cha kushika.

Mkurugenzi Lutengano akainua kifimbo. Kwaya ikaanza, kwa sauti nne, na vinanda:

*Mtukufu ndiye taa* (Haya!)
*Bahari yote yang'aa* (Haya!)
*Kwa sera hatuna njaa* (Haya!)
*Aishi Mtukufu Nahodha Mkuu wa Nchi Kavu na Majimaji!*

Sasa, katika nchi hiyo kulikuwa na sheria ambayo kila mtoto aliijua kabla ya jina lake mwenyewe: jina la Mtukufu likitajwa lote, wananchi hupiga makofi. Kwa mikono miwili. Askari wako tayari kutazama nani anachelewa. Kwa hiyo mistari mitatu watu walivuta, meli ikapanda mchanga vizuri, na mstari wa nne ulipofika, kila mtu, kama raia mwema, akaachia kamba akapiga makofi.

Meli ikarudi baharini kwa kasi. Mtukufu akakaa chini.

"Tena!" Mheshimiwa Pazi akaamuru.

Wakaimba tena. Ikapanda. *Aishi Mtukufu...* Makofi. Ikarudi. Mara hii kofia ikaenda na maji.

"Wahujumu!" Mheshimiwa akapaza sauti. "Mnaachia kwa nini?"

"Mheshimiwa, tusipoachia tutapiga makofi kwa nini?" Bi Kauthari akamuuliza, kwa adabu kabisa. "Kwa miguu?"

Mheshimiwa akashauriana na wataalamu. Pendekezo la kupunguza makofi likakataliwa kwa kuwa ni uhaini. Pendekezo la kuvuta kwa mkono mmoja na kupiga kofi kwa mkono mmoja likajaribiwa, likazaa majeruhi. Wakarudia wimbo vile vile, kwa sauti kubwa zaidi, na Mtukufu akapanda na kushuka, akapanda na kushuka, mbele ya mabalozi, mpaka akainama kwenye pua ya meli na kusema kitu ambacho hakikuwa hotuba.

"Niteremsheni!" ndicho alichosema. "Yeyote yule! Niteremsheni!"

Mheshimiwa Pazi akatokwa na jasho. Macho yake yakatembea kwenye kamba, yakamfikia Mwanamvua. "Wewe si ndiye mwenye wimbo?"

"Inawezekana," Mwanamvua akasema. "Sijathibitisha."

Watu wakashusha vichwa wasionekane wanacheka.

"Mama, usilete mchezo. Imba."

"Ni marufuku, Mheshimiwa. Ubao ule pale. Na Afande huyu hapa, alishamwonya mwanangu."

"Nakuruhusu! Imba!"

"Wa kwenu au wa kwetu?"

Meli ikayumba. Kutoka juu ikasikika sauti ya unyonge: "Pazi..."

"Wa kwenu!" Mheshimiwa akafoka. "Ule ule! Kama ulivyo!"

"Pamoja na mila zake?"

"Nilishasema redioni, pamoja na mila zake zote! Imba!"

Mwanamvua akaikamata kamba kwa mikono miwili. Kwenye akili yake haikuwamo meli. Ilikuwamo mashua ya Shaame inayoliwa na wadudu, na dirisha lililofungwa adhuhuri, na mtoto aliyenyimwa usingizi. Akachimbia visigino. Akaanza, na sauti yake ikawa haihitaji spika:

*Waziri kajenga gati* (Haya!)
*Migombani, katikati* (Haya!)
*Meli itapita wapi?* (Haya!)
*Ngojeni iote miguu!*

Bi Kauthari akaangua kicheko kile chake cha kukwaruza, na ufuko mzima ukafuata, na mikono ikavuta, wala hakuna aliyeachia. Meli ikapanda. Mheshimiwa Pazi alitaka kufoka, lakini alikuwa amepewa kamba ashike ili atoe mfano mzuri mbele ya kamera, na bado alikuwa ameishika. Akabaki amefungua mdomo tu.

Mwanamvua akainua macho juu. Watu wakaona anayemtazama, wakashika roho zao pamoja na kamba.

*Nahodha wa nchi kavu* (Haya!)
*Bahari yamla mbavu* (Haya!)
*Uso umekuwa jivu* (Haya!)
*Mteremsheni, asije akaitapikia bendera!*

Hakuna aliyethubutu kucheka. Meli ikasimama, ikawa kama inafikiri. Na hapo ndipo, kutoka juu puani, kikasikika kicheko kimoja, cha mtu ambaye hajakitumia muda mrefu. Mtukufu alikuwa akicheka. Alikuwa ameing'ang'ania kamba, machozi yanamtoka, mabega yanatikisika.

"Kweli!" akasema. "Wallahi kweli! Tena nataka kuwaambieni, mimi bahari naiogopa! Na hilo gati niliuliza mimi, mbona liko shambani? Wakaniambia ni la kisasa!"

Ndipo nchi ikacheka. Ilicheka kama mtu aliyevuliwa kiatu kilichombana tangu utotoni, na kwa kicheko hicho meli ilipanda mchanga wote, ikavunja jukwaa, ikapita viti vya mabalozi, ikatulia chini ya ule ubao wa marufuku, ambao ulianguka.

Mtukufu akateremka, viatu vikavu. Akaiachia kamba ajipanguse mikono.

Akanyoosha vifungo vyake. Rangi ikamrudia, na pamoja na rangi cheo. Akageuza shingo taratibu.

"Yule mwanamke," akasema, "ni nani?"

*

Mheshimiwa Pazi alikuwa ameshaachia kamba na sasa alikuwa na hasira za watu wawili. "Mkamateni!"

Afande Mbwiga akapiga hatua moja. Akasimama.

"Mheshimiwa," akasema, "ana kamba mkononi."

"Ehe?"

"Mila, Mheshimiwa. Pamoja na mila zote, mlisema. Bila kupunguzwa nukta. Atakayegusa amegusa jicho la nchi." Akapiga saluti. "Mimi si ndiye mlinzi wake?"

Mheshimiwa akafikiri kutengua. Lakini katika nchi ile waziri hakosei, kwa hiyo hatengui. Angetengua ingekuwa alikosea. Akamgeukia Mtukufu. Mtukufu akatazama mabalozi, ambao wote walikuwa wanaandika. "Basi msubirini," akasema. "Ataiachia tu."

Wakamsubiri. Askari walimzunguka, wakaegemea bunduki. Mwanamvua hakuachia. Kidawa akalia njaa. Mama akabana kamba kwapani, akamshusha mtoto, akamnyonyesha pale pale mchangani. Jua likamgeukia usoni; Shaame akamfungia kanga mbili juu ya kichwa. Mikono ikaanza kufa ganzi.

"Mume wangu," akamnong'oneza Shaame, "nikisinzia je?"

Shaame akatazama saa yake, kisha, kwa mazoea, akatazama jua.

Bi Kauthari ndiye aliyekuwa na jibu. Alikuja na kisu chake cha kupasulia papa, akawapita askari kama vile wanangoja foleni ya maji, akaikata ile kamba. Kipande kimoja akamfunga nacho Mwanamvua kiganjani, fundo la kule kwao ambalo halifunguki mpaka mwenyewe apende.

"Haya, nenda nyumbani ukapike," akamwambia. "Kamba si iko mkononi?"

Askari wakamtazama Afande Mbwiga. Afande akatazama kile kipande kwa muda mrefu, kama mtu anayesoma. "Kamba ni kamba," akasema, akampisha.

Na Bi Kauthari hakusimama hapo. Kamba ilikuwa ndefu, ya meli ya serikali, kitani safi. Alimkatia kila aliyenyoosha mkono. Wengine walijifunga kiunoni, wengine shingoni kama ushanga, na wakaanza kuzungumza mambo yao wakirudi majumbani, kwa sauti ambayo wengi wao hawakuwa wakijua kwamba wanayo. Kesho yake asubuhi mashua ya Shaame ilivutwa juu, ikakutwa mbao tatu zimeliwa lakini moyo mzima. Adhuhuri dirisha la Mwanamvua lilikuwa wazi, na kila aliyepita njia alisikia wimbo na kisha hakusikia kitu, maana mtoto amelala.

Habari zikaenea. Mpaka bara kabisa, kule ambako hawajawahi kuona mashua, watu wakaanza kwenda sokoni na kipande cha kamba mkononi, wakiulizana bei za vitu na sababu zake. Serikali ikapiga marufuku kamba. Ng'ombe wakazurura mabarabarani, ndoo zikabaki visimani, nguo zikaanikwa juu ya makaburi. Wenye vipande vyao wakavitia mifukoni, wakatembea mkono umo ndani.

Ikabaki kamba moja tu halali katika nchi nzima, ile ya kupandishia bendera mbele ya Ikulu. Mlinzi wake alichaguliwa kwa uangalifu mkubwa: mtu mzima, mtiifu, asiyecheka. Kila asubuhi aliishika kwa mikono miwili na kuivuta, kimya, bendera ikipanda kwa kusuasua.

Asubuhi moja Mtukufu Nahodha Mkuu alikuwa dirishani anakunywa chai. Akaona bendera leo inapanda vizuri ajabu, kwa mkupuo, inatulia, inapanda tena. Akafungua dirisha asikie.

"Haya," mlinzi alikuwa akijivumia huko chini. "Haya. Haya." Kisha akavuta pumzi ya mstari wa nne.